Barua ya wazi kwa wakuu wa chuo: mpeni mwanafunzi wa uhandisi mwaka mmoja kabla ya kumfungia kozi

Iringa

Kwa:
Makamu Mkuu wa Chuo,
Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia Taaluma,
Rasi wa Ndaki ya Uhandisi,
Wajumbe wa Seneti.

YAH: WANAFUNZI WA UHANDISI KUFUNGWA KWENYE KOZI WASIZOZICHAGUA

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima kutoka Iringa. Kamwene, kama tunavyosalimiana huku.

Mimi ni mwalimu wa Fizikia wa kidato cha tano na sita, na huu ni mwaka wangu wa 19 darasani. Barua hii ni ya nne. Ya kwanza niliituma Novemba mwaka juzi kwa njia ya posta. Ya pili niliileta kwa mkono wangu, nikapanda basi alfajiri na kulala kwa ndugu ili asubuhi niwe dirishani. Dada wa mapokezi alinipokea vizuri, akaigonga muhuri, akaniambia nisubiri simu. Ya tatu niliituma kwa barua pepe, nikajibiwa na mfumo kwamba ujumbe umepokelewa. Katikati ya hizo nimepiga simu mara nyingi: udahili wananielekeza idarani, idara inanirudisha udahili, na wote wanazungumza kwa adabu. Hakuna aliyenitukana. Hakuna pia aliyenijibu.

Chuo sikitaji kwa jina. Ninyi mnajijua, na nia yangu si kuwachafua. Nimewaletea watoto wangu bora kwa miaka mingi na mwaka huu pia nitawaleta, kwa sababu maabara zenu ni nzuri na walimu wenu wanafundisha. Ndiyo maana jambo hili linaniuma.

Kijana aliyenifanya nianze kuandika ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Amekulia Mafinga, na likizo zake zote tangu kidato cha pili alizimalizia Sao Hill kwenye dingidongi ya mjomba wake. Kwa msiowahi kuiona, dingidongi ni mashine ya kupasulia magogo: injini, mkanda, meza ya chuma na msumeno wa duara. Inakokotwa kutoka kitalu kimoja hadi kingine, popote misindano inapovunwa. Kazi ya kijana ilikuwa kusimama upande wa pili na kupokea mbao.

Siku moja, akiwa kidato cha tano, alikuja nyumbani na kipande cha ubao. Upande mmoja ulikuwa na mawimbi madogo, huyaoni vizuri kwa macho lakini ukipitisha kidole unayahisi. Akaniuliza, "Shangazi, kwa nini asubuhi mbao zinatoka zimenyooka, ikifika saa sita zinatoka hivi, na msumeno ni uleule?" Tulikaa mezani na karatasi mpaka uji ukapoa. Meno yakiwa butu yanasugua zaidi kuliko yanavyokata. Ukingo wa msumeno unapata joto kuliko katikati, unatanuka, katikati inabaki ilivyokuwa, basi chuma kinapoteza mkazo wake na kuanza kuyumba. Likizo iliyofuata alimshawishi mjomba wake wasisubiri jioni, wanoe meno saa nne asubuhi na tena saa nane. Mbao za mchana zikanyooka. Mjomba alinipigia simu kunishukuru mimi, nami nikamwambia swali halikuwa langu.

Mtoto huyo ni wa uhandisi mitambo. Wapasua mbao wa Sao Hill ambao hawakumaliza darasa la saba wangewaambia hivyo bila kuuliza cheti. Leo yuko kwenu mwaka wa pili, anasoma uhandisi wa mawasiliano ya simu. Kozi hiyo sina neno baya nayo. Wako niliowafundisha wanaoipenda na wanafanya vizuri. Yeye hakuichagua, na tangu wiki ya tatu ya mwaka wa kwanza anaomba kuhama.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Anayechagua kozi mara nyingi si mwanafunzi.

Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai, na dirisha la kwanza la udahili hufunguliwa wakati huohuo. Wahitimu wengi wanakuwa kambini, kwenye mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, utaratibu uliorejeshwa mwaka 2013. Siupingi utaratibu huo. Nasema tu kwamba kijana aliyeko kambini hana nafasi ya kukaa na mwongozo wa udahili akalinganisha kozi na kozi. Anayekaa nao ni kaka, dada, mama, au kijana wa steshenari.

Kwetu ilikuwa dada yake, nami nikamsindikiza. Tulikwenda steshenari moja pale Miyomboni, kompyuta mbili, foleni hadi barazani, umeme umekatika mara mbili tangu asubuhi. Ilipofika zamu yetu kijana wa pale aliuliza, "Kozi ya kwanza?" Dada yake akasema mitambo. Yule kijana hakugeuza hata kichwa. "Mitambo ina ushindani, dada. Pointi ngapi?" Kumi na tatu: Fizikia A, Hesabu B, Kemia B. "Weka mawasiliano ya simu ya kwanza, mitambo ya pili. Kwa pointi hizo unaingia bila presha." Dada yake alinitazama. Mimi, mwalimu wa miaka 19, nilinyamaza, kwa sababu niliogopa mtoto akose vyote. Akabonyeza. Tulilipa, tukapewa karatasi, tukaondoka. Haikufika dakika 20.

Nalibeba hilo na sitalitupa kwa mtu mwingine. Lakini nauliza: mfumo unaoruhusu miaka minne ya mtu iamuliwe hivyo, na kisha unaukubali uamuzi huo kama kiapo cha mwanafunzi mwenyewe, mnauona ni sawa?

2. Mnamuuliza mtoto swali ambalo hakuna aliyemwandaa kulijibu.

Mwaka uliopita niliwapeleka wanafunzi 34 Mtera. Ni safari ya siku moja kutoka hapa, barabara ya Dodoma inapita juu ya bwawa lenyewe, na kituo kina mashine mbili za megawati 40 kila moja. Maji yakishatoka hapo yanaendelea na Ruaha Mkuu hadi Kidatu, yanafua tena megawati 204. Wanafunzi wangu wanaijua kanuni ya nishati ya maji kwa moyo. Ukimwamsha mmoja usiku atakuandikia. Mhudumu wa kituo alipomaliza maelezo, msichana mmoja wa kutoka Kilolo aliinua mkono akauliza, "Samahani, hapa mhandisi ni yupi?"

Wenzake walicheka, mhudumu hakucheka. Alimjibu kwa utulivu kabisa. Aliyejenga ukuta ni mhandisi ujenzi, na kabla yake alipita mtu wa miamba kuangalia kama ardhi itaubeba. Tabo, ile inayozungushwa na maji, ni ya mtu wa mitambo. Kuanzia jenereta hadi kwenye waya ni mtu wa umeme. Aliyeko mezani anayeona maji yamepungua na kupiga simu yuko kwenye mifumo ya udhibiti. Msichana aliandika yote kwenye daftari, akapiga mstari chini ya neno moja. Kwenye basi nilimuuliza amepigia lipi mstari. "Udhibiti, mwalimu. Sikujua kuna watu wanasomea hiyo."

Ana miaka 19, ana A ya Hesabu, na hakujua. Angejulia wapi? Silabasi yetu ya Fizikia inamfundisha mkondo wa umeme, haimfundishi tofauti ya mhandisi umeme na mhandisi wa elektroniki. Wilayani kwao hajawahi kukutana na mhandisi wa kike ana kwa ana. Mwongozo wa udahili unampa jina la kozi, sifa za kujiunga, idadi ya nafasi na miaka. Haumwambii mtu wa kozi hiyo anashinda anafanya nini. Kwa hiyo anachagua kwa jina linalosikika vizuri, au kwa ndugu aliyeko shirika la umeme, au kwa uvumi wa ajira. Mwaka mmoja wote wanataka mafuta na gesi, mwaka mwingine wote kompyuta.

3. Mwaka wa kwanza wa kozi zenu unafanana.

Nilipokuja kwenu niliomba kitabu cha mtaala, nikapewa, nashukuru. Nimekaa nacho usiku mwingi. Nimezipanga kozi tano za uhandisi ubavu kwa ubavu, muhula kwa muhula. Muhula wa kwanza: hesabu, mekanika, uchoraji wa kihandisi, utangulizi wa kompyuta, stadi za mawasiliano, stadi za maendeleo, karakana. Kote. Muhula wa pili tofauti ni somo moja au mawili. Njia zinaachana kweli mwaka wa pili.

Kijana wetu mwaka wa kwanza alikaa ukumbi mmoja na wanafunzi wa mitambo, kwa mhadhiri mmoja, akafanya mtihani mmoja, na kwenye uchoraji alipata alama ya juu kuliko wengi wao. Halafu anaambiwa hawezi kwenda mitambo kwa sababu hajasoma mitambo.

4. Dirisha la kuhama linafungwa kabla mtu hajajua kwamba anatakiwa kuhama.

Dirisha lipo, sikatai. Linafunguliwa siku chache mwanzoni mwa mwaka wa masomo, wakati mwanafunzi kutoka Makete au Ludewa bado anatafuta chumba, anahangaika na usajili na bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, halijaingia. Kijana wetu aliomba wiki ya tatu. Aliambiwa dirisha lilifungwa Ijumaa iliyopita, avute subira hadi mwaka wa pili. Mwaka wa pili akaambiwa ameshamaliza mwaka kwenye kozi nyingine, hivyo aombe udahili upya kama mwombaji mpya. Majibu yote mawili alipewa kwa mdomo. Hakuna karatasi hata moja inayosema nani aliamua na kwa kanuni ipi.

Sijui kama mnalifahamu hili: mhitimu wa kidato cha nne, mtoto wa miaka 17, serikali inamruhusu kuingia kwenye mfumo wa TAMISEMI baada ya matokeo na kubadili tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, aliyoijaza shuleni. Mwaka 2024, tahasusi mpya zilipotangazwa, wahitimu walipewa muda wa kurudi na kuchagua tena. Waliona kwamba mtoto akipata taarifa mpya ana haki ya kufikiri upya. Akifika kwenu, amekua, amesoma zaidi, haki hiyo inamwisha.

5. Kosa hili ni la gharama.

Shahada ya uhandisi ni miaka minne. Baada ya hapo mhitimu anayetaka kuwa mhandisi mtaalamu anakaa kwenye mafunzo ya kazini yanayosimamiwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, miaka mitatu, kwa fani yake. Ni miaka saba. Mkopo wake wa Bodi ya Mikopo umeandikwa kwa kozi aliyodahiliwa. Akiacha na kuanza upya, kwa mtoto wa mjane anayeuza viazi Mafinga, maana yake ameacha chuo.

Basi hawaachi. Wanabaki, wanajikokota. Kijana aliyekuwa akiamka saa kumi usiku kusoma sasa ana sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, zote za masomo ya mawimbi na ishara. Nilipomuuliza alisema, "Shangazi, nikisoma naelewa, ila sina hamu ya kufungua daftari." Mama yake hajui. Anadhani mwanawe amechoka tu na joto la huko.

6. Nafasi zilizo wazi hazitangazwi. Kila mara jibu ni "kozi imejaa". Imejaa kwa wangapi? Wangapi waliripoti, wangapi walihamia, wangapi walidisko, yaani waliondolewa chuoni kwa kufeli? Hakuna ubao wala tovuti inayosema, na pasipo na namba watu wanajaza minong'ono, kwamba anayehamishwa ni mwenye mtu ofisini. Siamini hivyo. Lakini sina cha kuwaonyesha wazazi wanaoamini.

Waheshimiwa, najua mtakachosema, maana nimeshayasikia madirishani.

Mtasema mikono yenu imefungwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Tangu 2017 mwombaji anapeleka maombi chuoni moja kwa moja, hapiti tena kwenye mfumo wa pamoja wa udahili. Tume inaweka sifa za chini na kuthibitisha programu. Ninyi ndio mnaochagua mwanafunzi, na mtaala unaanza kwenye idara zenu na kupita kwenye Seneti yenu kabla haujaenda popote. Hakuna anayeweza kuwapelekea Tume programu yenye mwaka wa kwanza wa pamoja zaidi yenu wenyewe.

Mtasema wote watakimbilia kompyuta na ujenzi, na maabara hazitoshi. Hoja hii ina uzito na sitaipita juu juu. MIT, kule Marekani, mwanafunzi anaingia chuoni bila kozi, anaichagua mwishoni mwa mwaka wa kwanza, na hazuiwi kuingia idara anayoitaka. Matokeo yake idara ya umeme na kompyuta imebeba umati mkubwa kuliko nyingine yoyote. Wao wana fedha za kuubeba. Sisi hatuna, kwa hiyo siwaombi mfungue milango yote bila kikomo. Wekeni idadi ya nafasi kwa kila kozi, itangazeni siku ya kwanza, na mwanafunzi aingie mwaka wa pili akijua ushindani ulivyo.

Hapo naomba pia tujifunze kwa India. Kwenye vyuo vyao vya teknolojia, IIT, tawi la uhandisi linagawiwa kwa nafasi ya mtu kwenye mtihani wa kuingia, na kwa miaka mingi waliofanya vizuri sana mwaka wa kwanza waliruhusiwa kubadili. Ikawa mwaka wa kwanza ni vita ya alama, watoto wanaumia, na baadhi ya IIT zimefuta ruhusa hiyo. Hili linatuhusu kwa karibu, maana IIT Madras ina tawi Zanzibar tangu 2023, na wanafunzi wangu wanaulizia huko pia. Somo ninalolichukua ni kwamba tusigawe kozi kwa GPA, yaani wastani wa alama, peke yake. Mwekeeni mwanafunzi kiwango cha kufaulu katika masomo yanayoihusu kozi anayoitaka, halafu muulizeni ana kwa ana kwa nini anaitaka. Dakika kumi na wahadhiri wawili. Yule wa msumeno angewajibu vizuri.

Mtasema mwaka wa pamoja utashusha viwango vya fani. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kimewaanzisha wanafunzi wake wa uhandisi kwenye programu moja ya mwaka wa kwanza kwa miongo mingi, na ndicho alichosoma Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi. Toronto, Kanada, wana njia ya kuingia uhandisi bila kutaja tawi, unachagua ukimaliza mwaka wa kwanza. Viwango vyao havijashuka. Na kwa ule mtaala wenu niliousoma, kazi yenyewe nusu yake mmeshaifanya.

Kuhusu mkopo, mtasema hilo ni la Bodi. Ni kweli, ila Bodi inafuata majina mnayoipelekea. Ikiwa mwanafunzi amedahiliwa kwenye "uhandisi, mwaka wa kwanza", na fani inaandikwa mwaka wa pili, hilo ni la ofisi mbili kukaa meza moja kabla ya dirisha kufunguliwa. Kaeni nao mapema, msimwachie mtoto wa miaka 20 kuzunguka na bahasha kati yenu na wao.

Na mtasema, mmoja wenu aliniambia hivi kwa simu, kwamba vijana wa siku hizi hawajui wanachotaka, ukimhamisha leo kesho atataka kurudi. Mkuu wangu, yule msichana wa Mtera hakuwa na tatizo la msimamo. Hakuwa ameona. Alipoona alipiga mstari.

Ninachoomba, basi, kwanza ni mwaka wa kwanza wa pamoja kwa kozi zote za uhandisi ambazo masomo yake yanafanana, na uchaguzi wa fani ufanyike baada ya muhula wa pili, mwanafunzi mwenyewe akiwa mbele yenu. Najua mtaala hauandikwi wiki moja. Naomba Seneti iunde kamati na itangaze tarehe ya kuanza.

Wakati hilo linaandaliwa, dirisha la kuhama lisifungwe kabla ya wiki ya nane, na lifunguliwe tena mwishoni mwa mwaka wa kwanza. Kila ombi lijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 14, likiwa na sababu na kifungu cha kanuni. Nafasi zilizobaki kwa kila kozi zibandikwe ubaoni na kwenye tovuti yenu.

La tatu ni dogo, na halihitaji kikao cha Seneti. Wanafunzi wenu wa mwaka wa tatu na wa nne kutoka Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe na Rukwa wanarudi nyumbani likizo. Wapeni barua ya utambulisho na nauli ya kufika kwenye shule walizotoka, waje Februari au Machi kabla ya mitihani ya Mei, kila mmoja aeleze kozi yake kwa saa moja: masomo gani yanatesa, karakana ikoje, mafunzo kwa vitendo alienda wapi na alishika nini. Shule yangu itawapa chakula na malazi, hilo nimeshaongea na mkuu wangu wa shule. Wakipita kabla ya JKT, mtoto ataondoka kwenda kambini akiwa ameandika chaguo lake kwenye karatasi, na dada yake ataingia steshenari nayo mkononi.

Naomba jibu la maandishi kabla hamjapitisha sifa za udahili wa mwaka ujao wa masomo. Niko tayari kuja tena kwa basi, kwa gharama zangu, siku yoyote mtakayonipangia, na nitakuja na yale makaratasi niliyopangia kozi tano ubavu kwa ubavu.

Faili la kijana wetu liko ofisi yenu ya udahili. Barua yake ya mwisho ya kuomba kuhamia uhandisi mitambo ina muhuri wenu wa tarehe 4 Machi. Naomba muanze na hiyo.

Wenu katika kazi ya kulea,

Mwalimu wa Fizikia,
Iringa Mjini
(Jina langu na anwani mnavyo kwenye barua tatu zilizotangulia.)

Nakala: Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, Serikali ya Wanafunzi ya chuo